Urithi wa Mnyanya

Hotuba kwa wakulima wa bustani, juu ya mbegu na asili ya kinga zake



Nimeombwa niseme machache juu ya mbegu za nyanya. Huenda wako wanaofikiri kwamba jambo hili ni dogo, maana ni nani asiyejua kupanda nyanya? Lakini nataka kuanza na hasara inayowapata wakulima wengi, tena wakulima hodari. Mtu hununua pakiti ndogo ya mbegu kwa bei kubwa, akazipanda kwa uangalifu, akapata mavuno yanayowashinda majirani wote. Nyanya zake ni za kipimo kimoja, ni ngumu, na minyanya haikunyauka. Kwa furaha yake huchagua nyanya zilizo bora kabisa, akakamua mbegu, akazianika na kuziweka. Msimu wa pili huzipanda katika shamba lile lile, kwa mbolea ile ile. Lakini sasa minyanya yainuka kama watoto wa nyumba mbalimbali: huu ni mrefu, ule ni mfupi, mmoja wazaa matunda makubwa, wa pili madogo, na mingine yanyauka hata kabla ya kuchanua. Wengine husema wamerogwa. Wengine husema kwamba wauza mbegu wamezitia dawa ili zisifae mara ya pili, na watu wasiache kununua.

Hapana mchawi, wala hapana dawa. Jambo lililompata mkulima huyu lilielezwa tangu mwaka wa 1865, na mtu ambaye hakushughulika na nyanya bali na njegere.

Mtu huyo aliitwa Gregor Mendel, naye alikuwa mtawa katika mji wa Brünn, ambao leo huitwa Brno, katika nchi ya Cheki. Katika bustani ya nyumba ya watawa alipanda njegere za aina ndefu na za aina fupi. Alitwaa chavua, yaani ule unga wa manjano uliomo katika ua, akautoa katika aina moja na kuutia katika ua la aina ya pili. Mimea iliyozaliwa katika ndoa hiyo yote ilikuwa mirefu. Ungedhani ule ufupi umekufa kabisa. Lakini alipopanda mbegu za mimea hiyo, ufupi ulirudi. Mendel hakuridhika kusema kwamba umerudi, bali aliketi akahesabu. Katika mimea 1,064 alipata mirefu 787 na mifupi 277, yaani karibu mitatu kwa mmoja. Akahesabu vivyo hivyo rangi ya mbegu, na umbo lake, na mambo mengine, na kila mara alifikia karibu hesabu ile ile. Alisoma habari hizi mbele ya wataalamu wa mji wake, zikapigwa chapa mwaka wa 1866, na karibu hapana mtu aliyezijali. Alikufa mwaka wa 1884. Ilipofika mwaka wa 1900 ndipo wataalamu wengine walipozigundua tena, wakaona kwamba alikuwa ameushika ufunguo.

Maana ya hesabu hiyo ni hii. Kila mmea, kwa kila sifa yake, una viini viwili vya urithi, kimoja kutoka kwa baba na kimoja kutoka kwa mama. Wataalamu wa siku hizi huviita jeni. Kiini kimoja chaweza kuwa na nguvu kikamfunika mwenziwe, lakini hakimwui. Kile dhaifu hukaa kimya, kikangoja mpaka kikutane na dhaifu wa namna yake katika kizazi kijacho. Ninyi mnaofuga mbuzi mmeliona jambo hili, maana mara nyingine mbuzi wawili weusi huzaa mtoto wa rangi nyingine, na wazee husema kwamba amemrudia babu yake. Wazee husema kweli.

Mnyanya nao wafuata sheria hiyo. Viini vyake vimepangwa katika nyuzi ndogo sana ziitwazo kromosomu, ambazo ni jozi 12. Mwaka wa 2012 kundi la wataalamu wa nchi 14 lilitangaza kwamba limesoma urithi wote wa mnyanya, wakahesabu viini vipatavyo 35,000.

Sasa mkirudi shambani, litazameni ua la mnyanya kwa makini. Sehemu zake za kiume zimeungana kama bomba dogo la manjano, na sehemu ya kike imo katikati ya bomba hilo. Kwa hiyo ua la mnyanya aghalabu hujitia chavua lenyewe. Aina za zamani zimejizaa hivyo kwa vizazi vingi. Baba na mama ni mmoja, na viini viwili vya kila jozi vimekwisha kuwa sawa. Hii ndiyo sababu mkulima akichukua mbegu za Money Maker, Cal-J au Rio Grande katika shamba lake mwenyewe, atapata tena Money Maker, Cal-J au Rio Grande.

Mbegu za ile pakiti ya bei kubwa hazikuzaliwa hivyo. Hizo ni mbegu chotara, na juu ya pakiti mmeona alama F1, ambayo maana yake ni kizazi cha kwanza cha ndoa ya aina mbili. Mtengenezaji wa mbegu hulifungua ua kabla halijachanua, akang'oa sehemu zote za kiume kwa kibano kidogo, kisha akaitia sehemu ya kike chavua ya aina nyingine. Kazi hii hufanywa kwa mkono, ua moja baada ya jingine, wala haiwezi kufanywa mara moja ikawa imekwisha. Kila mara mbegu zikitakiwa lazima irudiwe. Basi msistaajabu kwamba mbegu hizo ni ghali. Faida yake ni kwamba kinga zilizomo katika ukoo wa baba na zile zilizomo katika ukoo wa mama hukutana katika mmea mmoja, na watoto wote hufanana, kama ile njegere mirefu ya Mendel.

Haya, tufanye hesabu kidogo. Tuseme kwamba chotara yako ina kinga ya magonjwa manne, kila kinga ina kiini chenye nguvu, na kila moja ilitoka kwa mzazi mmoja tu. Ukikamua mbegu za chotara hiyo na kuzipanda, miche mitatu katika kila minne itakuwa na kinga ya ugonjwa wa kwanza. Kwa ugonjwa wa pili ni vivyo hivyo, mitatu katika minne. Lakini wewe wataka mche wenye kinga zote nne pamoja. Nawe ukizidisha robo tatu kwa robo tatu, mara nne, utaona kwamba miche yenye kinga zote ni 81 katika 256. Haifiki hata theluthi moja. Ile mingine 175 imekosa kinga moja au zaidi. Tena haina alama usoni. Kitaluni yote ni ya kijani na yapendeza macho. Utaitia yote mbolea, utaifunga yote kwenye miti, utainywesha yote maji, na ugonjwa utakuja kuichagua baadaye, wakati fedha zako zimekwisha kuingia ardhini. Wala sijasema bado juu ya ukubwa wa tunda na wingi wa mavuno, mambo ambayo hutawaliwa na viini vingi zaidi, nayo hutawanyika zaidi.

Sasa nataka kusema habari za kinga zenyewe, maana hazikutengenezwa na mtu. Zilitafutwa.

Asili ya mnyanya ni upande wa magharibi wa Amerika ya Kusini, katika nchi za Peru na Ekuado. Huko iko mpaka leo minyanya ya mwitu, ambayo matunda yake ni madogo kama punje kubwa za njegere. Watu wa Mexico wa zamani ndio waliokuwa wakilima nyanya kubwa, na Wahispania wakazichukua kwenda Ulaya katika karne ya 16. Kutoka huko zikaenea duniani, zikafika hata kwetu. Katika kila safari zilichukuliwa mbegu chache tu. Ni mfano wa ukoo mkubwa ambao vijana wawili watatu wamehamia nchi ya mbali. Wajukuu wao wanaweza kuwa wengi sana, lakini mali ya ukoo ilibaki nyumbani. Nyanya tunazolima zina sura nyingi, lakini urithi wake ni mdogo, na ukija ugonjwa mgeni karibu zote huugua pamoja. Mali imebaki kwa jamaa zao wa mwituni, ambao ni aina zaidi ya 10, na wengi wao wana matunda ya kijani au machungu ambayo hapana mtu angeyaweka sokoni.

Mfano wa kwanza ni ule mnyauko uletwao na ukungu wa udongoni uitwao fusari. Ukungu huo huziba njia za maji ndani ya shina, majani ya chini yakageuka manjano, na mwisho mmea wote hulala. Mwishoni mwa miaka ya 1930, katika jimbo la Missouri nchini Marekani, wataalamu waliipima minyanya mingi kwa ugonjwa huo, wakaona kwamba mmoja wa mwitu, wenye asili ya Peru na matunda madogo mno, haukuugua. Kinga yake ilikuwa kiini kimoja tu chenye nguvu. Mnyanya huo uliozwa na nyanya za kulimwa, na mwaka wa 1941 ikatolewa mbegu iitwayo Pan America. Kiini kile kimoja kimo leo katika aina nyingi sana duniani.

Mfano wa pili ulikuwa mgumu zaidi. Mnawajua wale minyoo wadogo wasioonekana kwa macho, ambao hufanya mizizi ya mnyanya iwe na vinundu kama shanga. Aina moja ya mwitu, iitwayo Solanum peruvianum, haiwaogopi. Lakini ukiioza na nyanya yetu, mimba huharibika na mbegu hufa ndani ya tunda. Mwaka wa 1944 mtaalamu wa California, P. G. Smith, alizipasua mbegu zikiwa changa, akatoa kile kijimmea kilichomo kabla hakijafa, akakilea katika chupa yenye chakula chake. Ulipatikana mmea mmoja. Kinga ya minyoo iliyomo katika nyanya za biashara ulimwenguni yatokana na mmea ule mmoja. Lakini wakulima wa nchi za joto yafaa wajue kwamba kinga hii hulegea udongo unapopata joto la kupita digrii 28. Mtu wa Taveta au wa pwani akiona vinundu katika mizizi ya mbegu iliyoandikwa kwamba ina kinga, asiseme upesi kwamba amedanganywa dukani.

Kati ya wote walioifuata minyanya ya mwitu, hapana aliyewajua jamaa hawa kuliko Charles Rick, mwalimu wa Chuo Kikuu cha California mjini Davis, aliyezaliwa mwaka wa 1915 na kufa mwaka wa 2002. Tangu mwaka wa 1948 alisafiri mara nyingi katika milima ya Andes kukusanya mbegu. Alipata pia mbegu za visiwa vya Galápagos, ambavyo ni vya nchi ya Ekuado, navyo viko baharini yapata maili 600 kutoka pwani. Mbegu hizo zilikataa kabisa kuota. Rick akafikiri, je, huko kwao nyanya hizi huliwa na nani? Visiwa hivyo ni makao ya kobe wakubwa sana, wa mfano wa wale ambao watu wa Mombasa wamewaona katika bustani ya Haller. Basi walilishwa kobe nyanya hizo, watu wakangoja, na kobe hana haraka hata tumboni mwake. Mbegu zilipotoka katika kinyesi na kupandwa, zikaota vizuri. Habari hii ilichapishwa mwaka wa 1961. Najua kwamba yachekesha, lakini katika minyanya ya visiwa hivyo Rick alikuta sifa yenye thamani: kikonyo cha tunda hakina kile kifundo cha katikati, kwa hiyo tunda huchunwa safi, bila kubaki na kijiti. Kila aliyepakia nyanya katika makasha ya mbao na kuzipeleka mbali ajua jinsi kijiti cha nyanya moja kinavyoitoboa nyingine, na jinsi kasha zima linavyooza kwa ajili ya moja. Sifa hiyo iliingizwa katika nyanya zinazovunwa kwa mashine.

Tena mwaka wa 1962 wataalamu wawili wa mimea, Hugh Iltis na Don Ugent, walikuwa Peru wakitafuta viazi vya mwitu. Njiani waliona mnyanya hafifu wenye vitunda vya kijani, wakachukua mbegu na kumpelekea Rick. Kwa ulimi hapakuwa na kitu cha kusifu. Lakini Rick aliuoza na nyanya kubwa, kizazi baada ya kizazi, kwa muda wa zaidi ya miaka 10, akapata nyanya nyekundu zenye sukari nyingi zaidi na maji machache zaidi. Wenye viwanda vya kusindika nyanya huchemsha maji yaondoke, nao hulipia kuni, mafuta au umeme. Kwa hiyo nyanya yenye maji machache ni fedha kwao.

Huenda mmoja wenu atauliza: ukiioza nyanya nzuri na kitunda cha porini, hupati mtoto mbaya? Naam, hupata. Lakini ninyi mnajua dawa yake, maana mmeifanya kwa ng'ombe. Mwenye ng'ombe wa kienyeji humpandisha kwa fahali wa Ayrshire, na mtamba atakayezaliwa humpandisha tena kwa Ayrshire, na mjukuu vivyo hivyo, mpaka apate ng'ombe wa gredi. Mtengenezaji wa mbegu hufanya hivyo hivyo. Mtoto wa kwanza ana nusu ya urithi wa mwitu. Akirudishwa kwa nyanya nzuri, watoto wana robo. Tena, sehemu moja ya 8. Tena, sehemu moja ya 16. Wakirudishwa mara sita, sehemu ya mwitu huwa chini ya moja katika mia. Tofauti na ng'ombe ni kwamba katika kila kizazi yampasa aipime miche kwa ugonjwa, na kuitupa ile iliyopoteza kinga, la sivyo atarudisha nyanya nzuri kwa nyanya nzuri na kubaki mikono mitupu. Na kutoka mbegu hadi tunda lililoiva ni miezi mitatu au minne. Hesabuni wenyewe ni miaka mingapi.

Hata hivyo hesabu yangu ina tundu. Viini vilivyo jirani katika uzi mmoja husafiri pamoja kama abiria wa basi moja, na kiini cha kinga chaweza kuwaleta majirani wasioalikwa. Mwaka wa 1989 wataalamu walipima aina zilizopewa kinga ya virusi vya tumbaku kutoka katika mnyanya wa mwitu. Waliona kwamba aina moja, ingawa ilirudishwa mara 11, bado ilikuwa na kipande kikubwa sana cha uzi wa mwitu. Macho ya mtu hayawezi kukiona kipande kama hicho. Kwa sababu hii njia mpya zimekuwa na faida kubwa. Siku hizi mtaalamu huchukua kipande kidogo cha jani la mche wenye siku chache tu, akausoma urithi wake katika maabara, akajua siku ile ile kama kinga imo na kama majirani wabaya wamebaki nje. Mche usiofaa hutupwa kabla haujala mbolea ya mtu.

Njia nyingine ni kuugusa urithi wenyewe. Mwaka wa 1994 nchini Marekani iliuzwa nyanya iitwayo Flavr Savr, ambayo ilitiwa kiini cha kuizuia isilainike upesi. Haikudumu sokoni miaka mingi. Njia ya kuhariri ni tofauti, maana kiini kilichomo tayari hubadilishwa mahali kilipo. Mwaka wa 2018 kundi moja la wataalamu, baadhi yao wa Brazil, walihariri viini vichache vya mnyanya wa mwitu, wakapata matunda yenye ukubwa mara tatu, na wingi mara kumi, kuliko mzazi wake. Na mwaka wa 2021 nchi ya Japani ilianza kuuza nyanya iliyohaririwa ili iwe na kitu kiitwacho GABA kwa wingi. Kila nchi ina sheria zake juu ya mambo haya, wala si kazi yangu leo kuwapigia kampeni upande wowote. Neno langu ni kwamba njia fupi haimsaidii msafiri asiyejua aendako.

Nina ushahidi wa neno hilo. Mmewasikia wazee wakisema kwamba nyanya za siku hizi hazina ladha kama za zamani, na vijana husema kwamba ni uzee tu. Kwa yapata miaka 70 watengenezaji wa mbegu walipenda nyanya changa isiyo na rangi ya kijani kibichi mabegani, kwa sababu nyanya hiyo huiva nyekundu sawasawa, na mnunuzi huipenda kwa macho. Mwaka wa 2012 iligunduliwa kwamba kiini kilichofanya hivyo ni kiini kilichovunjika. Kikiwa kizima huyafanya mabega yale kuwa ya kijani sana, na ukijani huo, kama ule wa majani, husaidia kutengeneza sukari ndani ya tunda. Walichagua sura, wakatupa utamu, wala hawakujua. Wazee, basi, wana haki.

Katika Afrika ya Mashariki kazi ya kuchagua mbegu zinazofaa mahali petu imefanywa pia. Huko Tengeru, karibu na Arusha, wataalamu wa Tanzania wakishirikiana na kituo cha kimataifa cha mboga walitoa mwaka wa 1997 aina mbili, Tanya na Tengeru 97. Zilichaguliwa kwa sababu ngozi yake ni ngumu, na nyanya zaweza kustahimili safari ndefu kwenda sokoni. Hizi si chotara. Mkulima aweza kujiwekea mbegu.

Lakini kuna adui ambaye bado yuko mbele yetu. Yule nondo aitwaye Tuta absoluta, ambaye wenzetu wa Tanzania humwita kantangaze, alitoka Amerika ya Kusini, akafika Uhispania mwaka wa 2006, na Kenya na Tanzania mwaka wa 2014. Viwavi wake hutoboa majani na matunda, na dawa nyingi amekwisha kuzizoea. Wataalamu wamemrudia tena jamaa wa mwituni. Mnyanya uitwao Solanum habrochaites una vinywele vingi vyenye matone ya kunata, na ndani ya matone mna vitu vinavyowachukiza au kuwaua wadudu. Kinga hii si ya kiini kimoja kama ile ya fusari. Viini ni vingi, navyo vyakaa karibu na vingine vinavyoharibu tunda. Ndiyo maana kazi yake ni ya miaka mingi.

Nimalizie kwa mambo ya kufanya. Kwanza, isomeni pakiti. Herufi V, F, N na T, zikifuata jina la mbegu, ni kinga. V ni mnyauko wa vetisili, F ni ule wa fusari, N ni minyoo ya mizizi, na T ni virusi vya tumbaku. Msiichanganye F hiyo na F1 ya chotara. Roma VF, kwa mfano, ina kinga mbili lakini si chotara. Pakiti nyingine za siku hizi zina vifupisho virefu zaidi, na ni haki yenu kumwuliza mwenye duka maana yake. Wala F haizuii mnyauko wa bakteria, ambao wengi hudhani ni ule ule. Ili kuutambua, kateni kipande cha shina la mnyanya ulionyauka, mkisimamishe katika glasi ya maji safi. Uzi mweupe kama maziwa ukishuka kutoka pale mlipokata, ni bakteria. Hapo mbegu ya F haitawafaa. Dawa yake ni kuhama shamba hilo na jamaa zote za nyanya, yaani viazi, biringani na pilipili, au kununua miche iliyopandikizwa juu ya shina la aina yenye kinga.

Pili, kwa aina zisizo chotara, chagueni mmea, msichague tunda. Matunda yote ya mmea mmoja yana urithi wa mama mmoja, na nyanya moja kubwa juu ya mnyanya mgonjwa ni bahati ya maji na jua tu. Wengi wetu huuza zilizo bora na kukamua mbegu katika zile alizozikataa mnunuzi, kisha twalalamika kwamba aina imechoka. Kabla mavuno hayajaanza, tieni kitambaa juu ya minyanya 10 au 20 yenye afya na matunda mengi, iliyo katikati ya shamba, na matunda yake yasiuzwe. Yaacheni yaive kabisa. Kamueni mbegu pamoja na maji yake katika chombo cha udongo au cha plastiki, mkaache kivulini siku mbili au tatu hadi kile kiutelezi kichache na kuachana na mbegu. Ongezeni maji, mkoroge; mbegu nzuri huzama, na zilizo tupu huelea. Osheni zile zilizozama, mzitandaze juu ya sahani au kitambaa kivulini, si juu ya bati la moto, na mzigeuze kila siku mpaka zisishikamane tena. Kisha zitieni katika bahasha, mkaandike jina la aina na tarehe, mkaiweke bahasha katika mkebe uliofungwa, mahali pakavu pasipo joto.

Sasa niko tayari kusikia maswali yenu.